Tulimzika Mzee Lazaro na Simu Yake

Mzee Lazaro alipokea simu barazani kwangu, mchana kweupe, kikombe cha chai mkononi.

Akasikiliza. Akasema maneno mawili tu.

"Anselmi ananiita."

Kikombe kikaanguka. Na yeye akakifuata.

Mpaka tunamwinua, mzee hayupo.

Kilichotutetemesha mtaa mzima si kifo. Kifo tunakijua. Tatizo ni huyo Anselmi. Anselmi ni mwanawe wa pekee, na Anselmi alikuwa marehemu! Alikwenda kwenye machimbo ya vito Tunduru, ikaja habari kwamba shimo limefukia watu na yeye yumo. Maiti hatukuiona, lakini matanga tulikaa, tukalia, tukala wali wa msiba, tukamaliza.

Halafu leo marehemu anampigia baba yake simu. Saa ya chai.

Jamani.

Mimi naitwa Mwamvua, ila pale Magomeni ukisema Mwamvua watu watafikiri kwanza. Sema mama Yusrah. Magomeni ya Kilosa lakini, msije mkanitafuta Dar. Nilikuwa nauza chai, vitumbua na maharage barazani kwangu, na sikuwahi kunywa chai peke yangu hata siku moja. Babu zetu waliletwa na mkonge, wengine wakaletwa na reli, kila kabila, kila dini, wote wakaishia kwenye mabenchi yangu. Ukitaka kujua nani kaachwa, nani kaoa, nani kapika nyama na hakugawa, unakuja kwangu. Sijisifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Miaka hiyo ndiyo simu za mkononi zinaingia Kilosa. Serikali imeshaachia soko, kampuni zinashindana, kila moja na rangi yake. Unakuta nyumba haina hata choo cha maana, lakini ukuta wa mbele umepakwa rangi ya kampuni ya simu, unang'aa kama bibi harusi.

Simu tulinunua. Kuongea ndiyo ilikuwa shughuli.

Vocha ndogo kabisa ilikuwa bei ya kuku mzima. Nani atachinja kuku kila siku aseme "haloo"? Kwa hiyo tuliishi kwa kubipu. Ikiita mara moja na kukatwa, maana yake hii. Ikiita mara mbili, maana yake ile. Watu walioana kwa bipu, wakaachana kwa bipu.

Mwanangu Yusrah alikuwa amepanga chumba Mikumi, karibu na barabara kuu. Mumewe ni utingo wa malori ya Zambia, leo yuko Tunduma, kesho hajulikani. Na Yusrah alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, siku yoyote.

Tulikubaliana hivi. Kila adhuhuri atanibipu mara moja: mama, mimi mzima. Akinibipu mara mbili mfululizo: mama, njoo, uchungu umeanza.

Hiyo bipu ya adhuhuri ndiyo ilikuwa pumzi yangu. Shikeni hapo.

Tumrudie mzee.

Pale alipoanguka, simu yake ilikuwa sakafuni bado inaongea. Jirani yangu Anastazia, ambaye mdomo wake una miguu, ndiye aliyeiokota. Akaiweka sikioni. Nikamwona macho yanamtoka.

"Kuna mwanamke mle," akasema. "Anaongea Kizungu peke yake. Hapumui."

"Hapumui vipi?"

"Hapumui, mama Yusrah! Anaongea tu kama maji ya bomba!"

Ikakata. Tukaangalia namba kwenye kioo. Haikuwa namba ya simu tunayoijua. Tarakimu tatu tu, kama namba ya chumba cha gesti.

Jioni ile, mzee kalazwa chumbani kwake, watu wamejaa uani, ile simu ikaita tena.

Namba ileile.

Ikaita mpaka ikachoka. Ikaita tena. Wanaume wazima, waliokuwa wanachimba na kujenga reli, wakawa wanasogea nyuma kidogo kidogo kama kuku walioona kenge. Hakuna aliyegusa.

Mdogo wangu Yassin, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na darasa la saba lake, ndiye aliyetoa hukumu.

"Kilichomchukua kisibaki na sisi. Aende nacho."

Hakuna aliyebisha. Asubuhi, kabla ya jeneza kufungwa, simu ilizimwa, ikafungwa kwenye kitambaa, ikawekwa miguuni kwa mzee. Padri hakuambiwa.

Tukafukia.

Tukadhani tumemaliza.

Wiki haijaisha, habari imefika Mabwerebwere, imerudi na miguu minne. Kuna namba ya kuzimu. Inakuita kwa sauti ya maiti wako. Ukiitika, inakunyonya damu kupitia sikio. Ni mumiani, ila siku hizi hatembei na gari usiku, anatumia mtandao. Mwanamke mmoja kapokea, kavuja damu puani. Wa Mamboya wakasema huko mlimani namba hiyo imeshampigia mtu akiwa shambani, jembe likabaki limesimama. Kila aliyepita barazani kwangu alikunywa chai moja na kuacha maiti wawili.

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Kicheko cha juu juu.

Nikasema hebu niulize wenyewe. Nikachinja kuku wangu, yaani nikanunua vocha, nikapiga huduma kwa wateja. Benchi zote zimejaa, watu wamekunja shingo kusikiliza. Nikapigiwa muziki. Muziki, muziki, muziki, mpaka betri inaanza kulia. Mwisho akapokea binti, sauti laini kama ya mtu aliyekaa kwenye feni.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, mimi napiga kutoka Kilosa. Huku kuna namba fupi, ina tarakimu tatu, inapigia watu. Mmoja kashakufa."

Nikasikia anaziba simu, na nyuma ya mkono wake wanacheka wengi.

"Mama," akarudi, "hiyo namba si mtu. Ni mfumo."

"Si mtu?"

"Si mtu, mama."

"Sasa ikinipigia nifanyeje?"

"Pokea, fuata maelekezo."

"Maelekezo ni Kiingereza, mwanangu."

"Ndiyo hayohayo mama, uyafuate. Asante kwa kutuchagua."

Tuu, tuu, tuu.

Nikashusha simu. Baraza zima linaniangalia.

"Wanasemaje?" Anastazia akauliza.

"Wanasema si mtu."

Wallahi nilisikia mabenchi yanapasuka. Watu wangu walisimama wote kwa pamoja. Kampuni yenyewe imekiri!

Kuanzia siku ile watu wakazima simu. Ukipita Magomeni unaona simu zimening'inizwa kwenye misumari kama pembe za mbuzi. Mimi sikuzima. Nikizima, bipu ya Yusrah itapita wapi?

"Mama Yusrah, zima hilo dude," Anastazia ananiambia kila kukicha.

"Mwanangu atanibipu."

"Na ile ikikupigia?"

"Sitapokea."

"Utaweza? Mzee Lazaro naye si alijua mwanawe kafa? Sauti ilimvuta, akaitika!"

Kuanzia hapo, kila simu ikitetema kifuani, na mimi nilitetema nayo.

Ikaja siku yenyewe.

Asubuhi, nageuza vitumbua. Simu ikaita. Nikafuta mkono kwenye khanga, nikaitazama.

Tarakimu tatu.

Kitumbua kikaungua. Nakiona kinaungua na siwezi kukigeuza. Mabenchi yalikuwa yamejaa, lakini ghafla nikajiona nimesimama peke yangu kama mti uliosahauliwa na wakata mkaa.

"Ni yenyewe?" Yassin akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Ikaita mpaka mwisho. Ikanyamaza. Hatujapumua, ikaanza tena.

Yassin akaninyang'anya. Akachukua sufuria kubwa, akamwaga chumvi ya mawe chini, akaizika simu kwenye chumvi, akafunika na kifuniko, juu akaweka jiwe la kusagia. Akarudi nyuma, anahema.

Ikaita tena. Simu chini ya chumvi, ndani ya sufuria. Msiombe mkasikia ule mlio. Sufuria nzima ilinguruma. Kifuniko kikawa kinacheza, tititititi, na jiwe juu yake linasogea taratibu kuelekea ukingoni, kana kwamba mtu kutoka chini analisukuma kwa kidole.

Mama mmoja akaanza kusali Salamu Maria. Mwingine upande wa pili Ayatul Kursi. Watoto wakafukuzwa.

"Izimwe!" watu wanapiga kelele. "Izimwe itatumaliza wote!"

"Mwanangu hajanibipu!" nami napiga kelele.

Adhuhuri ikafika.

Adhuhuri ikapita.

Bipu ya Yusrah haikuja.

Nikafunua sufuria, nikaikung'uta chumvi, nikampigia. Mteja hapatikani. Nikarudia. Hapatikani. Mikono yangu imejaa chumvi na jasho, vidole vinateleza kwenye vitufe.

Sasa nifikirieni mimi. Nikizima simu, mwanangu akibipu sitajua. Nikiiacha, ile namba inaijaza laini, inaita, inaita, haimpishi mwanangu apite. Nikajiambia, Mwamvua, hii namba inakutaka wewe. Basi ikuchukue, ikimaliza itaachia njia.

Ikaita mara nyingine.

"Dada, usiguse," Yassin akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nikabonyeza. Nikaweka sikioni. Nikafumba macho kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

Mwanamke. Kizungu. Kweli hapumui. Maneno yanatiririka, sielewi hata moja.

Halafu akanyamaza, na katikati ya ule ukimya ikaingia sauti nyingine. Ya mwanaume. Nzito, ya haraka, Kiswahili cha Mmasai.

"Yusrah! Damu!"

Tu. Kisha yule mwanamke akaendelea na Kizungu chake kana kwamba hakuna kilichotokea. Akamaliza. Ikakata.

Sikuanguka. Ningeanguka ingekuwa afadhali.

"Kasemaje?" Yassin ananitikisa. "Dada, kasemaje?"

"Kasema Yusrah. Kasema damu."

"Na yule mwanamke?"

"Sijui. Mwishoni kasema kitu kama... wan. Presi wan."

Yassin akapauka. "Wan ni moja," akasema taratibu. "Anachukua mmoja."

Anastazia akaanza kulia msiba. Hivihivi, mikono kichwani, mwanangu hata hatujui yuko wapi, yeye ameshaanza kumwita marehemu. Nikamgeukia nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikajifunga khanga, nikatoka mbio hadi stendi.

Kulikuwa na Land Rover moja ya kwenda Mikumi kwa njia ya Ulaya, kijiji cha hukuhuku kwetu, imepakia nyanya. Nikapanda juu ya matenga, Yassin nyuma yangu. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, lakini alipanda. Hilo sitalisahau.

Safari nzima ile sauti inanirudia. Kumbukeni hali ilivyokuwa miaka ile. Wafugaji na wakulima wa kwetu walikuwa hawatazamani usoni. Ng'ombe wameingia mahindi, watu wameumizana, mikuki na mapanga vimeshaongea. Na sasa Mmasai anataja jina la mwanangu na damu kwenye sentensi moja. Nilimwona Yusrah pale barabarani Mikumi, peke yake, na tumbo lile. Nikaona mambo ambayo mama hatakiwi kuona.

Simu ikaita tena tukiwa porini, miti imefunga pande zote, hakuna nyumba. Namba ileile. Ikakatika kwa sababu mtandao uliisha.

"Inatufuata," Yassin akasema.

Tulipofika chumbani kwa Yusrah, mlango wazi. Ndani hakuna mtu. Simu yake iko juu ya kitanda, imezimika, chaji imekwisha.

Na kwenye sakafu, kutoka kitandani mpaka mlangoni, damu.

Nilipiga ukelele hata sijui ulitoka wapi. Mwenye nyumba akatoka mbio. Alikuwa bibi mmoja wa Kiluguru, mfupi.

"Shikamoo bibi, mwanangu yuko wapi? Mwanangu kachukuliwa na nani?"

"Marahaba. Wewe ndiye mama yake? Mbona umechelewa hivyo?" Akanikaripia! "Amebebwa hospitali tangu alfajiri. Kabebwa na Mmasai, kwenye mkokoteni wa punda. Kimbia!"

Kimbia, anasema. Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Kwenye kibaraza cha wodi ya wazazi alikuwa amekaa kijana mmoja mrefu, mwembamba, shuka jekundu begani, fimbo kati ya magoti. Mkononi, kwenye kiwiko, kabandikwa pamba na plasta. Simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayelinda kifaranga. Aliponiona akasimama.

"Wewe ni mama Yusrah?"

Ile sauti.

Ileile ya kwenye simu. Yassin akashika bega langu, nikahisi kucha zake.

Yule kijana akainamisha kichwa mbele yangu, kama wanavyoinamisha kwa wakubwa wao, akangoja niguse.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Likatoka lenyewe. Mtu akikuamkia unaitika, hata ukiwa unakufa. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukamgusa utosini.

"Mimi naitwa Kulet," akasema. "Nimekupigia tangu asubuhi. Mbona mnakata?"

Nesi akatokea mlangoni, aproni ya plastiki kifuani.

"Huyu ndiye mama? Amejifungua, mtoto mzima, wa kike. Lakini damu imemtoka sana. Ndugu hatukumpata hata mmoja. Huyu kijana kila dakika anapiga simu, hampokei. Mwisho akasema basi toeni yangu, tukapima, ikakubali. Imemfikisha hapa. Tunahitaji chupa nyingine na tunaihitaji sasa hivi."

Nikakunja mkono wa gauni nikiwa bado nimesimama.

Wakanilaza. Wakapima, ikakubali. Sindano ikaingia, nikaona damu yangu inapita kwenye mrija, inashuka, nyekundu ya kweli, nzito. Mimi niliyekimbia mumiani wiki nzima. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nesi akadhani nazimia.

Kweli ile namba ilikuwa inataka damu yangu. Hawakukosea Kilosa. Ilikuwa inaiomba tu, kwa upole, tangu asubuhi, na mimi nimeifunika kwenye sufuria.

Yusrah nilimkuta kapauka kama unga wa muhogo. Kafumbua jicho moja.

"Mama, umekuja." Halafu, "Namba yako ninayo kichwani. Nilimtajia."

"Najua, mwanangu. Lala."

Nikatoka nje kwa Kulet. Mkewe, Seleina, alikuwa wodi hiyohiyo, naye kajifungua juzi. Alfajiri Kulet alikuwa anapeleka maziwa kwa bibi mwenye nyumba, akamsikia Yusrah. Ndivyo alivyomkuta.

"Sasa mwanangu," nikamwambia, na nilisema mwanangu bila kujilazimisha, "kwa nini upige na ile namba ya... ile namba fupi?"

Akashangaa. "Sikuwa na salio, mama. Hata la kubipu. Vocha hapa Mikumi zimeadimika siku ya tatu. Lakini kampuni ina huduma mpya. Sisi tunaitumia mnadani, kuulizana bei ya ng'ombe. Unapiga bila salio, anayepokea ndiye analipa. Akikubali anabonyeza moja, mnaongea."

Yassin akageuka akatazama ukuta. Wan ni moja.

"Na ile sauti yako? Mbona ulisema Yusrah, damu, basi?"

"Si wanakupa nafasi ndogo? Kabla haijaita, simu inakwambia sema jina lako. Pumzi moja tu. Inaichukua sauti yako, halafu inamsikilizisha yule unayempigia, ajue ni nani. Mimi nikafikiri, nikisema Kulet, mama huyu Kulet hamjui. Nikasema lile unalolijua."

Nilikuwa nimeshika nguzo ya kibaraza. Nikaishika zaidi.

"Rudia, mwanangu. Inamsikilizisha jina la anayepiga. Kwa sauti yake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Sauti yake mwenyewe."

Jua lilikuwa bado linawaka, malori yanapita barabarani kwenda Iringa, watu wanacheka kwenye mgahawa ng'ambo. Na mimi nikasikia baridi inaanzia kisogoni.

Anselmi ananiita.

Mzee Lazaro hakusikia mzimu. Alisikia jina la mwanawe, kwa sauti ya mwanawe, inatoka kwa mtu aliye hai, asiye na salio, anayengoja mahali fulani baba yake abonyeze moja. Mzee alikuwa na presha, moyo ulishachoka. Kumzika mtoto uliweza. Kumpata tena ulishindwa.

Na jioni ile simu ilipoita mzee akiwa amelala chumbani, ikaita, ikaita, sisi tunarudi nyuma kama kuku...

"Dada," Yassin akasema kwa sauti ndogo. "Ile simu."

"Najua."

"Iko miguuni kwake."

"Najua, Yassin. Nyamaza."

Nilirudi Kilosa Yusrah alipopata nguvu. Nikakusanya watu barazani, nikawaeleza. Anastazia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Watu wakashusha simu zao kwenye misumari, moja moja, bila kelele. Wengine wakaanza kutaja, mimi nilipigiwa siku fulani, sikupokea, alikuwa nani yule? Hakuna aliyejua. Kila mtu akabaki na wake.

Tangazo la kampuni lilikuja baadaye. Bango kubwa pale stendi, mzungu na mwanawe wanacheka, namba ile ya tarakimu tatu imeandikwa kwa maandishi manono. Kwa Kiingereza.

Mimi nikawa natembea na simu mkononi. Naogopa isiite, naogopa iite. Maana kijana yule lazima atatafuta pengine, na pengine penyewe Magomeni ni kwangu.

Ikaita mabenchi yamejaa. Tarakimu tatu.

Safari hii hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyepumua pia.

Yule mwanamke asiyepumua akaanza Kizungu chake. Akanyamaza. Ikaingia sauti niliyoisikia ikikua, ikipasuka, ikiimba kwaya, na kuondoka.

"Anselmi wa mzee Lazaro!"

Nikabonyeza moja. Nilibonyeza kwa mikono miwili.

"Haloo? Mama Yusrah? Shikamoo mama! Ni mimi Anselmi. Nipo Masasi. Mama nilifungwa Msumbiji, ni hadithi ndefu, nitawaambia. Dereva mmoja wa Kilosa alinipa namba ya mzee na yako. Ya mzee ilipokelewa mara moja, ikakatika, sasa kila nikipiga hapatikani. Ameibadilisha? Yuko jirani hapo nizungumze naye?"

Baraza zima linaniangalia. Yassin ameinamisha kichwa. Anastazia ameuma ncha ya khanga.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Njoo nyumbani."

"Lakini mzee..."

"Njoo nyumbani, Anselmi."

Akasema anakuja. Hakuwa mjinga.

Alikuja. Tulimpokea stesheni, wachache, hatukutaka kelele. Alitaka kwenda moja kwa moja makaburini, tukampeleka. Alipiga magoti, akaushika udongo, akakaa nao mkononi. Yassin akamwambia yote, hata la simu. Tulidhani atatutukana. Tulikuwa tayari.

Hakututukana. Aliuliza neno moja tu.

"Alisikia?"

"Alisikia," nikamwambia. "Nilikuwa mbele yake. Alisema, Anselmi ananiita."

Ndipo akalia.

Nami ninayeandika haya bado naogopa simu, lakini siogopi zinazoita. Kampuni za simu zinatupenda tukinunua vocha, tukiuliza swali zinatupigia muziki. Inaletwa huduma usiyoelezwa, kwa lugha usiyoijua, halafu ukiogopa unachekwa. Sawa, wacheke. Ila wewe unayesoma, namba usiyoijua ikiita, pokea. Pengine ni tapeli, utamtukana, utakata. Pengine ni mtu amesimama mahali hana salio, kapewa pumzi moja tu ya kusema jina, na ameitumia kukuita wewe.

Mjukuu wangu wa Mikumi anaitwa Seleina, jina la mke wa Kulet.